Tazama njia kwanza, kiatu baadaye

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba, na ninyi vijana wa kampi,

Kila siku ya Mungu, kabla jua halijatoka, tunaona watu wengi njiani wakifanya futingi. Baba wanakimbia, wanafunzi wanajitayarisha kwa mashindano ya krosi, na mama nao wanatoka wawili watatu, kitambaa kichwani. Ni jambo zuri sana. Kukimbia kunatia moyo nguvu, kunasaidia kushusha damu iliyopanda, kunapunguza sukari mwilini, na usiku mtu analala vizuri. Sisi wa dispansere tunafurahi.

Lakini kesho yake asubuhi tunaona mambo mengine mbele ya mlango wetu. Mmoja anachechemea. Mwingine ana malengelenge yaliyopasuka. Wa tatu kucha ya kidole kikubwa imekuwa nyeusi. Tunapouliza: «Ulivaa viatu gani, ulikimbia wapi?» mara nyingi jibu linatuonyesha ugonjwa umetoka wapi.

Nakumbuka baba mmoja wa karakana. Ilikuwa mwezi wa kwanza, wakati wa mvua nyingi. Alikuwa amenunua viatu vipya vyeupe, vya bei kubwa, soli yake laini kama sahani. Vilikuwa viatu vya kukimbilia makadamu. Yeye akavivaa kupanda kilima cha mawe, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Wakati wa kushuka mguu ukateleza, kifundo kikapinduka. Nyumbani wakamkanda kwa maji moto siku tatu. Aliponijia, kifundo hakikuonekana tena kwa kuvimba. Akasema: «Munganga, ni kukanyaga mubaya tu.» Picha ya mifupa ikaonyesha kwamba mfupa wa upande wa nje umevunjika. Akakaa wiki sita na plasta. Mke wake akabaki na kazi zote za nyumba, na mtoto mkubwa akakosa masomo mara nyingi kwa kumsaidia mama yake.

Viatu vile havikuwa vibaya. Vilikuwa vizuri, lakini si kwa njia ile. Hilo ndilo neno ninalotaka mlishike leo: hakuna kiatu kizuri kwa kila njia. Kabla ya kutazama rangi, jina na bei, tazama njia unayokimbia mara nyingi.

KIATU KIMEFANYWA NAMNA GANI

Geuza kiatu, utazame chini. Sehemu inayogusa udongo ni semele, yaani soli. Juu yake kuna meno ya mpira. Meno hayo yanauma udongo kama vile meno ya matairi ya traktere. Kati ya semele na mguu kuna povu: hilo ni mto wa kupunguza kishindo. Sehemu ya juu ni kitambaa au ngozi inayoshika mguu usicheze ndani. Nyuma kuna kikombe cha kisigino.

Meno ndiyo yanayotofautiana sana. Huna haja ya chombo cha kuyapima. Chukua kijiti cha kiberiti: unene wake ni karibu milimeta 2. Kiweke kando ya jino. Likiwa refu kama kijiti kimoja, ni milimeta 2. Kama vijiti viwili, ni 4. Kama vitatu, ni 6. Kiberiti chako mfukoni kinatosha kukusaidia pale sokoni.

NJIA TANO ZA KWETU

1. Makadamu. Njia hii ni ngumu na sawasawa. Hapa mguu hautelezi sana, lakini kishindo ni kikubwa, na kinapanda hadi goti na mgongo. Chagua soli pana, karibu laini, yenye povu la kutosha. Meno marefu hayana faida hapa: yanaisha upesi, nawe unajisikia kama unasimama juu ya vijiwe.

2. Udongo mwekundu wakati wa jua. Kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9 udongo wetu unakauka kama tofali. Juu yake kuna vumbi na changarawe ndogo za mviringo. Mtu anakanyaga, changarawe zinazunguka chini ya mguu kama punje za mahindi juu ya sementi. Hapa kiatu cha makadamu kinaanza kushindwa, hasa penye kona na mteremko. Meno ya milimeta 3 au 4, mengi na ya karibukaribu, yanatosha.

3. Matope. Mvua ikianza, kuanzia mwezi wa 11 hivi, njia ileile inakuwa sabuni. Sasa kinachohitajiwa ni meno marefu, milimeta 5 au 6, hata zaidi, tena yaliyoachana. Kwa nini yaachane? Kwa sababu meno ya karibukaribu yanashika matope, matope yanajaa katikati, na baada ya hatua kumi una soli laini ya udongo chini ya soli ya mpira. Kila mguu unakuwa mzito kama umebeba tonge la bukari. Meno yakiachana, matope yanaanguka yenyewe. Kitambaa cha juu kiwe cha kutoa maji. Wengine wanatafuta viatu visivyoingiza maji hata kidogo. Lakini katika madimbwi yetu maji yanaingia kwa juu, penye kifundo, na kiatu kisichoingiza maji ni kiatu kisichotoa maji pia. Mguu unabaki ndani ya bakuli, ngozi inalainika, malengelenge yanafuata.

4. Vilima vya mawe. Mnavijua vile vilima vyetu vya shaba, ambapo miti haioti, nyasi na maua madogo tu. Pale mawe yana ncha. Tafuta kiatu chenye ubao mwembamba mgumu ndani ya soli, ili ncha ya jiwe isiumize wayo. Mbele kiwe na mpira wa kulinda vidole. Kisiwe kirefu kwenda juu: mtu aliye juu ya povu nene na jembamba anapinduka kifundo kwa urahisi, kama gari lililopakiwa juu kupita kiasi. Tena angalieni jambo hili ambalo wengi hawalijui: juu ya jiwe lililolowa, meno marefu hayasaidii. Yanagusa jiwe kwa ncha tu. Hapo kinachoshika ni ulaini wa mpira na ukubwa wa sehemu inayogusa. Bonyeza jino kwa ukucha wa kidole gumba. Likikubali kidogo, ni mpira laini, utashika jiwe vizuri, ingawa utaisha upesi. Likiwa gumu kama plastiki, usipande nalo mawe ya mvua.

5. Mchanga na majani. Katika mchanga mwingi meno hayafanyi kazi kubwa, kwa sababu hakuna kitu cha kuuma. Tafuta kiatu chepesi chenye kitambaa cha vitundu vidogo, ili mchanga usiingie, na soseti zinazopita kifundo. Katika njia ndogo za porini kuna visiki vilivyokatwa na mizizi iliyojificha chini ya majani. Pale mpira wa mbele wa kulinda vidole ni lazima, na macho yatangulie mguu hatua tatu au nne.

PIMA MGUU WAKO

Njia ikishachagua aina ya kiatu, mguu unachagua kipimo. Nenda ukanunue baada ya saa sita za mchana, si asubuhi, kwa sababu mguu unavimba kidogo wakati wa mchana, na unavimba tena unapokimbia. Nenda na soseti zako za kukimbilia. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Fuata ule mkubwa. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nafasi hiyo ikikosa, wakati wa kushuka mlima vidole vinapiga mbele, na ndipo kucha zinapokuwa nyeusi. Kisigino kisipande wala kushuka ndani ya kiatu.

Usikubali neno la muuzaji kwamba kiatu kinachobana «kitafunguka». Ngozi inafunguka kidogo. Kitambaa na mpira wa leo havifunguki hivyo.

Mama, baada ya uzazi mguu unaweza kuwa mrefu au mpana kuliko zamani. Usiamini namba ya viatu ulivyovaa siku ya ndoa. Pima upya. Na kwa watoto: tunajua kwamba kununua kiatu kikubwa ili kidumu miaka miwili ni kuokoa pesa. Lakini mtoto anayekimbia katika kiatu kilichomzidi sana anajikwaa, na kisigino kinachunika. Nafasi ya kidole gumba inatosha naye pia.

Mgonjwa wa sukari asinunue kwa haraka. Mara nyingi miguu yake haisikii maumivu vizuri, na lengelenge dogo linaweza kuwa kidonda kikubwa. Atazame ndani ya kiatu kwa mkono kabla ya kuvaa, na atazame nyayo zake kila jioni. Akiona jeraha, aje siku ileile.

VIATU VYA BALO

Wengi wetu tunanunua viatu vilivyokwisha kuvaliwa, vinavyokuja katika mabalo kutoka ng'ambo. Si haya, na mara nyingine mtu anapata kiatu kizuri kuliko cha dukani. Lakini fanya majaribio haya kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, weka jozi juu ya meza, uitazame kwa nyuma. Kama kisigino kimelala upande mmoja, kiacheni. Kimeshika mwendo wa mtu mwingine, nacho kitaupinda mguu wako. Pili, kikunje kwa mikono. Kinapaswa kukunjika mbele, pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama karatasi, nguvu yake imekwisha. Tatu, bonyeza povu kwa kidole. Likiwa gumu, limejaa mikunjo, au linatoa unga, limezeeka. Povu na gundi huzeeka hata kiatu kikikaa tu katika sanduku. Nne, vuta ukingo wa soli: ukifunguka sokoni, utafunguka zaidi porini.

Hata kiatu kipya hakidumu milele. Kwa kawaida povu linachoka kati ya kilometa 500 na 800. Mtu anayekimbia kilometa 20 kila juma atafika huko baada ya miezi sita hadi tisa. Juu kiatu kinaweza kuonekana kizuri bado, lakini goti linajua.

KAMA UNA JOZI MOJA TU

Najua mtakaloniambia: «Munganga, nani atanunua jozi tano, na watoto wanataka kula na kusoma?» Mna haki. Mimi pia sina tano. Hapa shauri letu linageuka: mwenye pesa achague kiatu kwa kufuata njia, mwenye jozi moja achague njia kwa kufuata kiatu.

Kama una soli laini, kimbia makadamu au uwanja wa mpira uliokauka. Siku ya mvua kubwa usipande kilima. Zunguka uwanja, au acha mpaka kesho. Kama utanunua jozi moja kwa njia zote, chukua ya katikati: meno ya vijiti viwili vya kiberiti, yaani milimeta 4, yasiyobanana sana, mpira wa kulinda vidole, povu la kiasi. Haitakuwa bora kabisa mahali popote, lakini haitakutupa chini mahali pengi. Penye mawe na mteremko, punguza mwendo na fupisha hatua. Hatua fupi haina bei.

Ichunge jozi hiyo. Baada ya kukimbia toa matope kwa brashi nje ya nyumba, si juu ya sakafu wanapocheza watoto, maana vumbi la mahali petu mara nyingi lina madini ndani yake. Usikaushe viatu karibu na mbabula: joto la makala linaharibu gundi na kukausha povu. Vijaze karatasi za gazeti kuukuu, zibadilishe zikilowa, viweke kivulini penye hewa.

«LAKINI BIKILA ALIKIMBIA BILA VIATU!»

Vijana wanapenda kutuambia hivyo, na ni kweli. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za maratoni huko Roma mwaka 1960 kwa miguu mitupu, saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Lakini kumbukeni mambo mawili. Miguu yake ilikuwa imezoea kukimbia hivyo, nayo njia ya Roma ilikuwa barabara za mji. Tena, miaka minne baadaye huko Tokyo, mwaka 1964, alivaa viatu, akashinda mara ya pili, na haraka zaidi: saa 2, dakika 12 na sekunde 11.

Njia zetu zina misumari, nyaya, vipande vya chupa. Udongo wenye unyevu mahali watu wanapojisaidia ovyo una mabuu ya minyoo ya safura, ambayo yanaingia mwilini kwa ngozi ya mguu na baadaye kunyonya damu. Na jeraha dogo lililoingia udongo linaweza kuleta tetanosi, ugonjwa unaoua. Kwa hiyo vaa viatu, na uliza kwetu kama chanjo yako ya tetanosi bado ina nguvu. Kambambili nazo ni za kwenda bombani, si za kukimbilia.

BOTA LA KAZI LIBAKI KAZINI, KIATU CHA FUTINGI KIBAKI NYUMBANI

Tunaona wengine wakikimbia na bota za kazi, kwa kusema zina nguvu. Ni kosa. Jozi ya bota inazidi kilo moja, haikunjiki vizuri, na chuma cha mbele kinaponda vidole wakati wa kushuka. Tena unaichosha bure ile soli inayokulinda kazini.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza: kuja kazini na viatu vya futingi kwa sababu ni vyepesi. Kwa kanuni ya kimataifa ISO 20345, chuma cha mbele cha bota la usalama kinajaribiwa kwa pigo la juli 200. Ni karibu sawa na jiwe la kilo 20 kuanguka kutoka urefu wa metre 1. Fikiri jiwe hilo juu ya kitambaa cha kiatu cha kukimbilia. Hakuna mganga anayeweza kurudisha vidole vilivyopondwa.

Na neno moja juu ya mahali pa kukimbia. Usikimbie katika njia za malori makubwa ya mgodi, kando ya mashimo, wala juu ya mabwawa ya mabaki ya madini, hata yakionekana makavu. Kwa hatari hiyo hakuna kiatu kilichotengenezwa.

UKIUMIA

Kifundo kikipinduka, simama palepale. Usijikaze kumaliza mbio. Weka kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 15 au 20, rudia mara kadhaa kwa siku. Funga kwa bande, usikaze mno. Lala, uweke mguu juu ya mto. Siku mbili tatu za kwanza usikande kwa maji moto, usipake dawa ya kuchoma, usimwite mtu wa kuvuta mguu: hayo yote yanaongeza damu ndani na uvimbe.

Njoo dispansere bila kukawia kama huwezi kutembea hatua nne, kama unasikia uchungu mkali ukigusa mfupa wenyewe wa kifundo, au kama mguu umebadilika umbo. Lengelenge usilikate, ngozi yake ni bande ya bure. Lioshe kwa maji na sabuni, lifunike. Likileta usaha au wekundu unaopanda, njoo.

KUMBUKA

Njia inachagua aina ya kiatu. Mguu unachagua kipimo. Mfuko unachagua mwisho. Na mfuko ukiwa mdogo, badili njia, usibadili mifupa yako.

Yule baba wa karakana anakimbia tena leo. Viatu vyake vyeupe bado anavyo, naye anavivaa juu ya makadamu tu. Siku moja nilimkuta chini ya kilima asubuhi baada ya mvua. Alikuwa amesimama, anatazama juu, kisha anatazama miguu yake. Halafu akageuka, akarudi kwa njia ya uwanja. Alinipungia mkono, nami nikampungia. Siku ile dispansere hatukumwona.